Nani aliwasamehe Wajerumani kwa niaba yetu? Jibu kwa mwalimu wa Moshi

Mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari mjini Moshi ameniandikia kwamba, alipokuwa akifundisha habari za kunyongwa kwa Mangi Meli, mtawala wa Moshi aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1900, mwanafunzi wa kidato cha pili alinyoosha mkono na kuuliza: "Sasa mwalimu, hawa Wajerumani tuliwasamehe lini, na ni nani aliyewasamehe kwa niaba yetu?" Swali hilo likahamia chumba cha walimu, ambako mmoja alishikilia kwamba mzalendo wa kweli hasamehi upesi damu ya wazee wake, na mwingine akasema kwamba taifa linalojiamini ndilo pekee linaloweza kusamehe. Kwa kuwa ninafundisha saikolojia ya jamii hapa Arusha, ananiuliza yupi kati yao yuko sahihi: je, kujitambua kuwa Mtanzania humsaidia mtu kuwasamehe watu wa kundi jingine, au humzuia? Anaongeza kwamba anaogopa asije akawa anafundisha chuki kwa jina la uzalendo.

Mwalimu, nianze na wenzako wawili, kwa sababu kwao jibu ni jepesi. Wote wawili wako sahihi, ila wanazungumzia mambo mawili ambayo sisi tumezoea kuyaita kwa jina moja. Kuna kuipenda nchi kwa maana ya kujifunga nayo: furaha yake kuwa furaha yangu, aibu yake kuwa aibu yangu, na deni lake kunihusu. Na kuna kuikweza nchi, yaani kuamini kwamba taifa langu ni bora kuliko mengine, kwamba alama zake na viongozi wake hawahojiwi, na kwamba anayelitaja baya lake ni msaliti. Watafiti watatu wa Israeli, Sonia Roccas, Yechiel Klar na Ido Liviatan, walizitenganisha hali hizi mbili katika utafiti waliouchapisha mwaka 2006, wakaona kwamba mara nyingi hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja lakini zinamvuta kuelekea pande mbili. Kadiri mtu alivyolikweza taifa lake, ndivyo alivyopungukiwa na hisia ya hatia kwa mabaya ambayo watu wake waliwatendea wengine. Ilhali kule kujifunga na taifa, kukishatenganishwa na kulikweza, kuliendana na kuiona hatia hiyo zaidi.

Utafiti huo ulihusu upande wa mkosaji, na swali lako linahusu upande wa aliyekosewa. Huko nako kuna jambo linalofanana. Mwanasaikolojia wa Poland, Agnieszka Golec de Zavala, ameyachunguza tangu mwaka 2009 yale majivuno ya kundi linalojiona kuu na papo hapo kuamini kwamba dunia hailipi kundi hilo heshima linayostahili. Watu wenye majivuno hayo huliona tusi hata mahali ambapo halipo, na hukimbilia kulipiza. Kwa mtu wa namna hiyo kusamehe ni kushindwa mara ya pili, na ndiyo maana mwalimu mwenzako wa kwanza, ikiwa uzalendo anaousema ni huo, amesema kweli tupu. Yule wa pili alikuwa akiisema ile aina nyingine. Kuhusu hofu yako ya kufundisha chuki, kipimo ninachokitumia mimi ni kimoja: je, mwanafunzi anayeipenda Tanzania darasani kwako anaruhusiwa pia kusikia mahali ambapo watu wetu wenyewe walikosea? Kama anaruhusiwa, endelea na kazi yako bila wasiwasi.

Lakini swali la mwanafunzi wako ni zito kuliko la walimu wenzako, na linastahili muda mrefu zaidi.

Kwanza, ni ajabu kwamba analiuliza. Hakuwapo mwaka 1900, wala babu yake hakuwapo, na bado alisema "tuliwasamehe". Henri Tajfel, Myahudi wa Poland ambaye jamaa zake waliangamizwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta chanzo cha jambo hili. Katika majaribio aliyoyafanya na vijana wa shule huko Bristol, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1971, aliwagawa vijana hao katika makundi kwa sababu zisizo na uzito wowote, kama vile mchoraji gani wanampenda zaidi, Klee au Kandinsky. Hawakujua nani yuko kundi lipi, hawakuwa na ugomvi, wala hawakutarajia kukutana tena kama makundi; hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa pesa, walilipendelea kundi lao. Ikiwa jina lisilo na historia linaweza kufanya hivyo, basi jina lenye bendera, wimbo, lugha na makaburi litafanya makubwa zaidi. Mtu hurithi majeraha ya kundi lake pamoja na sifa zake, na hulazimika kuyafanyia jambo fulani.

Pili, na hapa ndipo ninapoona kiini cha suala lote, utayari wa kusamehe hutegemea sana mahali ambapo mtu anachora mpaka wa "sisi" wakati kosa linaposimuliwa. Michael Wohl na Nyla Branscombe walilipima hilo mwaka 2005 kwa Wayahudi wa Amerika ya Kaskazini. Wengine walikumbushwa Maangamizi ya Wayahudi kama jambo ambalo Wajerumani waliwatendea Wayahudi. Wengine walikumbushwa tukio hilohilo kama jambo ambalo binadamu waliwatendea binadamu wenzao. Waliosoma maelezo ya pili walikuwa tayari zaidi kuwasamehe Wajerumani wa leo, na walipunguza kuwabebesha hatia ya pamoja. Tukio halikubadilika, wala idadi ya waliouawa haikupungua. Kilichobadilika ni upana wa duara ambamo msomaji alijiweka. Masi Noor na wenzake nao, wakifanya kazi Ireland ya Kaskazini, walikuta kwamba kadiri mtu alivyoshikamana na upande wake, wa Kikatoliki au wa Kiprotestanti, ndivyo msamaha ulivyokuwa mgumu. Na kwamba waliokubali pia utambulisho unaozijumuisha pande zote mbili walisamehe zaidi. Kizuizi kimojawapo walichokitaja kinafahamika hata kwetu: kila upande kushindana na mwenzake kuonyesha kwamba wao ndio walioumia zaidi.

Mlimani kwenu Kilimanjaro kuna mfano ambao ningekuwa mwalimu wa Moshi nisingeuacha. Katika karne ya 19 hapakuwa na taifa moja la Wachagga. Palikuwa na nchi za mamangi, yaani watawala, na nyingine zilikuwa mahasimu wa kumwaga damu. Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho walipigana kwa miaka mingi, na Wajerumani walipoishambulia Kibosho mwaka 1891, Moshi ilikuwa upande wao. Mwaka uliofuata Meli, mwana wa Rindi, akawashinda Wajerumani haohao vitani, kisha wakarudi mwaka 1893 na kumshinda. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pale Old Moshi pamoja na viongozi wengine 18, na miongoni mwao walikuwamo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, yaani mtu wa nchi iliyokuwa adui wa baba yake. Simulizi za wazee, na wanahistoria walioziandika, humtaja Mangi Marealle wa Marangu kuwa mmoja wa waliowachongea wenzao kwa Wajerumani.

Sasa tazama kilichofuata. Wakulima wa kahawa wa mlima mzima waliunda chama chao mwaka 1925, na kutoka hapo kikazaliwa mwaka 1933 chama kikuu cha ushirika tunachokijua kama KNCU, ambamo mkulima wa Kibosho na wa Old Moshi walipima kahawa yao chini ya jina moja na kugombana na mkoloni kama watu wamoja. Mwaka 1952 mlima wote ukasimikiwa Mangi Mkuu aliyechaguliwa kwa kura, naye alikuwa Thomas Marealle, mjukuu wa yuleyule Marealle wa Marangu. Ilikuwa imepita miaka 52 tu, na wazee waliokuwa vijana wakati wa kunyongwa kwa Meli walikuwa bado hai. Alipoondolewa kwa kura mwaka 1960, hoja iliyomwangusha ilikuwa kama Wachagga wanataka mtawala wa kudumu au rais wa kuchaguliwa. Haikuwa hoja ya nani alimchongea nani mwaka 1900. Sisemi kwamba huo ulikuwa msamaha. Ninasema kwamba "sisi" mpya ilikuwa imejengwa, kwa kahawa, kwa shule na kwa kanisa, na ndani yake kosa la zamani likakosa mahali pa kukaa. Katika nchi nyingi kazi ya utambulisho mpana hufanyika hivyo, kimyakimya, bila mtu kutamka neno "nimesamehe".

Kuna njia nyingine, nayo pia ilipita Moshi. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwishoni mwa mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa katika hotuba yake ya tarehe 2 Novemba kwamba adui ni Amin. Redio ilimwita nduli, nyimbo zilimwimba yeye, hasira yote ya nchi ilielekezwa kwa mtu mmoja. Kisha mwezi Machi 1979, vita ikiwa bado inapiganwa, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana mjini Moshi na kuunda Uganda National Liberation Front chini ya Yusuf Lule. Na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, wanajeshi wetu waliingia pamoja na Waganda. Uzalendo wa Kitanzania wakati ule ulikuwa mkali kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka. Hata hivyo haukuwafanya Watanzania wawachukie Waganda kwa vizazi, kwa sababu hatia ilifungwa kwa mtu na utawala wake, na Waganda wenyewe walihesabiwa kati ya waliodhulumiwa. Watu wa Kagera walioporwa ng'ombe na kuchomewa nyumba walikuwa na mengi ya kusema, na sidhani kwamba taifa liliwasikiliza kiasi cha kutosha. Lakini kwa mtu wa Moshi au Arusha, Mganda hakuhitaji kusamehewa, maana hakuwahi kushtakiwa.

Hapa Arusha tumeishi kwa miaka mingi na majaribio mawili makubwa zaidi ya aina hii. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoanzishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwezi Novemba 1994, ilikaa katika jengo la mikutano la AICC hadi ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Iliwashtaki watu 93 na kuwatia hatiani 62. Tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa burugumesita (meya) wa Taba, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Watu wengi wa mjini hapa waliyaona tu magari meupe ya Umoja wa Mataifa yakipita na wakalalamika kwamba yamepandisha kodi za nyumba, jambo ambalo lilikuwa kweli. Lakini maana ya kazi ile ilikuwa kusema kwamba muuaji ana jina lake, na kwamba si Mhutu kwa kuwa Mhutu. Huko Rwanda kwenyewe, mahakama za kijamii za gacaca zilisikiliza karibu kesi milioni mbili hadi zilipofungwa mwaka 2012, kabila likaondolewa katika vitambulisho, na tangu mwaka 2013 serikali imeendesha mpango wa Ndi Umunyarwanda unaowataka raia wajitambue kwanza kuwa Wanyarwanda.

Burundi, nchi yenye makundi yaleyale, ilifuata njia ya kinyume, na mkataba wake ulitiwa saini hapahapa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, ukiwa umesimamiwa kwanza na Mwalimu Nyerere na, baada ya kifo chake, na Nelson Mandela. Badala ya kuyafuta majina ya makabila, Warundi waliyaandika ndani ya sheria: katiba ya mwaka 2005 iliweka asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi serikalini na bungeni, na jeshi likagawanywa nusu kwa nusu.

Ukiniuliza ni ipi iliyo bora, nitakujibu kwa yale ambayo Samuel Gaertner na John Dovidio wameyaonyesha katika miongo kadhaa ya kuchunguza utambulisho wa pamoja. Duara pana hupunguza uhasama, lakini watu wa makundi madogo au yaliyoumizwa hulikubali vizuri zaidi pale wanapoachiwa waingie na jina lao dogo. Likitumika kuwanyamazisha, watu hulitamka hadharani na kubaki na lao nyumbani. Kwa sababu hiyo sioni ubaya wowote mwanafunzi wako akijiona kuwa mtoto wa Old Moshi, Mchagga na Mtanzania kwa wakati mmoja, na ningekuwa na wasiwasi zaidi kama angelazimishwa kuchagua.

Kuna onyo moja ambalo wahubiri wa "sote ni binadamu" hawapendi kulisikia. Katharine Greenaway na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2011 uliowahusisha wenyeji wa asili wa Australia, waliona kwamba kukumbushwa ubinadamu wa pamoja kuliongeza utayari wa kusamehe, na hapohapo kukapunguza utayari wa kushirikiana kudai haki. Kwa hiyo duara pana lina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni yule aliyekwishaumizwa. Ninaposikia mgeni kutoka nchi iliyotutawala akisema kwamba tuyaache ya kale kwa kuwa sote ni wamoja, hujiuliza kwanza kama kuna kitu cha kwetu ambacho bado kiko ghalani kwake.

Na kipo. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. 202 kati yake yalihusishwa na Tanzania, na kwa vipimo vya vinasaba wakapatikana ndugu walio hai wa baadhi ya wenye mafuvu hayo, akiwemo akida wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe, ambalo mjukuu wake alilitafuta kwa miongo kadhaa, halikuwamo kati ya yaliyotambuliwa.

Miezi michache baadaye, katika siku mbili zinazofuatana, tulipata somo ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Tarehe 31 Oktoba 2023, Mfalme Charles akiwa Nairobi alieleza huzuni na majuto yake makubwa kwa ukatili wa wakati wa ukoloni, bila kuomba msamaha. Tarehe 1 Novemba, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani akiwa Songea aliomba msamaha waziwazi kwa yale ambayo Wajerumani waliyatenda katika vita vya Majimaji, na akaahidi kusaidia kulitafuta fuvu la Chifu Songea Mbano. Wengi walidhani kwamba tofauti hiyo ya maneno ndiyo itakayoamua nani atasamehewa. Ushahidi haukubaliani nao sana. Catherine Philpot na Matthew Hornsey walichapisha mwaka 2008 mfululizo wa majaribio yaliyoonyesha kwamba kundi likiombwa msamaha huridhika zaidi na kumwona mwombaji kuwa ana majuto, lakini halisamehi zaidi kuliko kundi ambalo halikuombwa. Mtu mmoja akimwomba mwenzake radhi jambo huenda. Taifa likiliomba taifa, mara nyingi halisogei mbali hivyo.

Sababu moja, kwa jinsi ninavyoielewa, imeelezwa vizuri na Nurit Shnabel na Arie Nadler, ambao mwaka 2008 walionyesha kwamba pande mbili za kosa zina njaa tofauti. Mkosaji anataka kukubaliwa tena kuwa mtu mwema. Aliyekosewa anataka kurudishiwa uwezo: asikilizwe, aamue, awe na kauli juu ya kile kitakachofuata. Ombi la msamaha linaloandaliwa na serikali mbili, likasomwa mbele ya kamera na kufuatiwa na karamu, huishibisha njaa ya kwanza upesi na kuiacha ya pili. Ndivyo ilivyotokea Namibia. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya Waherero na Wanama mauaji ya kimbari na kuahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na viongozi wengi wa Waherero na Wanama wakalikataa pendekezo hilo, wakilalamika kwamba mazungumzo yalifanywa na serikali ya Windhoek juu ya vichwa vyao. Taifa lilikuwa tayari kusonga mbele. Walioumizwa hawakuwa wameulizwa.

Nimefika sasa kwa mwanafunzi wako. Mwambie kwamba hakuna siku ambayo Watanzania waliwasamehe Wajerumani, na hakuna mtu aliyepewa mamlaka ya kufanya hivyo kwa niaba ya wote. Kilichotokea ni mambo kadhaa yaliyofanana na msamaha. Wajerumani walioondoka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa maofisa na maaskari. Waliobaki katika kumbukumbu za familia nyingi za mlimani ni wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, na watu kama Bruno Gutmann aliyeishi Old Moshi kwa miaka mingi na kuandika mila za Wachagga. Wazee wenu walimtenganisha Mjerumani wa bunduki na Mjerumani wa kanisa, wakamkataa mmoja na kumpokea mwingine, na wajukuu wao leo wanasali katika kanisa la Kilutheri, KKKT, bila kuona mgongano. Wengine wataliita jambo hilo kutawaliwa mawazo. Mimi naliona kuwa kazi ya akili ileile iliyomtenganisha Amin na Waganda. Serikali, kwa upande wake, inaweza kufunga deni la kidiplomasia, kupokea fidia au kuidai, na Rais Samia Suluhu Hassan alisema wakati wa ziara ile ya Steinmeier kwamba Tanzania iko tayari kwa mazungumzo. Lakini kusamehe kunyongwa kwa babu ni haki ya ukoo wa babu huyo, na ukoo unaweza kuitumia haki hiyo au ukaikalia.

Kama utapenda kuligeuza swali hili kuwa kipindi, hii ndiyo njia ninayoitumia na wanafunzi wangu. Andika ubaoni sentensi tatu juu ya tukio moja. Ya kwanza: "Tarehe 2 Machi 1900, Wajerumani waliwanyonga Mangi Meli na viongozi wenzake 18." Ya pili: "Tarehe 2 Machi 1900, Kapteni Kurt Johannes, kamanda wa Wajerumani mjini Moshi, aliwanyonga Mangi Meli na viongozi wenzake 18, baada ya watawala wenzao wa mlimani kuwachongea kwamba wanapanga uasi." Ya tatu: "Tarehe 2 Machi 1900, utawala wa kikoloni uliokuwa ukiitia hofu nchi kubwa kwa askari wachache uliwanyonga Mangi Meli na viongozi wenzake 18." Hakuna hata moja iliyo ya uongo. Waambie wanafunzi waandike, chini ya kila sentensi, nani anapaswa kuomba msamaha na nani anaweza kuutoa. Utaona kwamba sentensi ya kwanza inawapa adui wa taifa zima na haiwapi mtu wa kuzungumza naye. Ya pili inapunguza hasira kwa Wajerumani wa leo lakini inalileta kosa nyumbani, na darasa hunyamaza kidogo. Ya tatu huwaridhisha wale wenye akili ya vitabu, hadi mmoja wao agundue kwamba ndani yake hakuna mkosaji yeyote. Waache wabishane kuhusu sentensi ipi ingefaa kuandikwa kwenye bamba la kumbukumbu pale Old Moshi, na ipi wangeisoma mbele ya mgeni kutoka Berlin.

Jihadhari na jambo moja tu. Katika darasa la Moshi hukosi mtoto wa ukoo wa Meli, na mara nyingi dawati la jirani yake kuna mtoto kutoka Marangu. Usimwulize wa kwanza kama amesamehe, wala usimwache wa pili ajibu mashtaka ya mwaka 1900. Wote wawili wapewe kazi ileile ya sentensi tatu, na kama mmoja wao atataka kusema anachosimuliwa nyumbani, aseme kwa hiari yake.